Kicheko cha Wifi

Kazini walimwita Bi Saa, na si kwa mapenzi. Ndiye aliyeratibu ziara za wageni katika nyumba ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, na kikundi kikichelewa langoni kilipokewa kwa jicho la kukaanga mtu. Mlinzi alidai kwamba Bi Saa akikohoa tu, saa ya ukutani hujirekebisha yenyewe.

Lakini tusimwonee. Chumba cha ushuhuda kilikuwa kimoja, vikundi vilisubiri koridoni kwenye mabenchi, na walionusurika walikuwa watu wazima wanaochoka haraka. Ukimwacha mzee aseme apendavyo, ataanza na ukoo mzima, aingie kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, na kabla hajafika kwenye siku yenyewe wageni wameshaanza kuangalia simu. Kwa hiyo Bi Saa alikaa na kila shahidi faraghani, wakapanga pamoja: anzia hapa, ishia pale, hili liache. Yeye aliita kazi hiyo kunyoosha. Na wapo waliomshukuru kwa dhati, maana kuyasema mambo yale bila kujua utatokea wapi kunaweza kumzamisha mtu, naye aliwapa njia ya kuingilia na ya kutokea.

Shahidi wa kwanza kabisa aliyemnyoosha alikuwa shangazi yake mwenyewe, dada wa baba yake, fundi cherehani, aliyemlea tangu akiwa mtoto wa mgongoni. Majirani walipowajia na mapanga, shangazi alimfunga mtoto mgongoni akatokea mlango wa nyuma, akapita uchochoroni nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mama yake Bi Saa alibaki mlango wa mbele kuwachelewesha. Hivyo ndivyo mtoto alivyopona. Nyumba ilichomwa, picha zote zikaenda na moto, na kwa upande wa mama hakubaki hata mmoja wa kusema huyu alikuwa hivi au vile. Baba naye hakupona. Duniani kote, aliyekuwa amemjua yule mwanamke alibaki shangazi peke yake.

Ungedhani mtoto wa namna hiyo angemganda shangazi yake kama kupe, amnyonye kila neno. Wapi! Nyumbani hawakuligusa jambo lile. Shangazi akianza tu, "Unajua, mama yako...", Bi Saa anakumbuka nguo zimesahaulika kwenye kamba. Aliogopa kulia mbele ya mtu aliyepoteza wengi kuliko yeye. Kazini ilikuwa afadhali. Kule alisikiliza kama mfanyakazi, na mfanyakazi halii.

Siku ya kumnyoosha, walikaa wawili katika chumba kile kitupu, shangazi kwenye kiti cha shahidi, Bi Saa mbele yake. Shangazi alisema vizuri, pole pole. Alipofika asubuhi ya siku yenyewe, uso wake ukafunguka, akaanza kutabasamu.

"Asubuhi ile wifi alinicheka mpaka akakaa chini sakafuni," akasema. "Mama yako huyo! Mimi nilikuwa nimevaa..."

"Shangazi, hapo tunaruka," Bi Saa akamkata.

"Tunaruka?"

"Wageni hawakuja kusikia vicheko. Watachanganyikiwa. Wewe nenda moja kwa moja kwenye kugongwa kwa mlango."

Shangazi hakuwa mtu wa kubishana na watoto aliowasomesha mwenyewe. "Haya," akasema. "Wewe ndiye unayewajua wageni."

Wakarudia mara kadhaa, na kwa kuwa alikuwa fundi, aliunganisha vipande viwili vile hata usingeona mahali palipokatwa. Miaka ikapita. Wanafunzi walikuja, mabalozi walikuja, waandishi wa habari walikuja na kamera zao, na wote walipewa ushuhuda uleule, neno kwa neno. Ulikuwa ushuhuda mzuri. Watu walitoka wakifuta macho.

Basi mwaka huu binti yake Bi Saa, aliyeolewa mji mwingine, akapiga simu. Alikuwa mjamzito, amekaribia kujifungua, na mimba ilikuwa imemtia maswali.

"Mama, hivi bibi alikuwa mtu wa namna gani?"

"Si umesikia ushuhuda wa shangazi?"

"Alivyokufa najua, mama. Tumeambiwa mpaka shuleni. Nauliza alivyokuwa. Mkali? Mpole? Mtoto wangu akiniuliza nimwambie nini?"

Bi Saa akamwahidi kwamba ataongea na shangazi, akakata simu, na pale pale roho ikaanza kumwuma, kwa sababu alijua anakimbilia jambo alilolichelewesha mwenyewe. Shangazi alikuwa ameshapigwa na kiharusi. Miguu na mikono ilimrudia, lakini kichwani mlibaki mapengo. Kijiko alikiita kile kitu cha kulia chakula. Majina ya watu yalimponyoka akayaacha yaende zake. Kilichosalia kizima ni ushuhuda tu. Daktari alisema jambo lililorudiwa sana ndilo hukaa hadi mwisho. Rekodi za nyumba ya kumbukumbu Bi Saa hakuwa na haja ya kuzitafuta. Zote alizisimamia yeye, na zote zilikuwa zimenyooshwa.

Alimkuta shangazi chumbani kwake, amekaa kando ya cherehani iliyofunikwa shuka, akikunja na kukunjua kipande cha kitambaa. Bi Saa akapiga moyo konde, akauliza lile ambalo alipaswa kuuliza zamani.

"Shangazi, nisimulie habari za mama yangu."

"Mama yako," shangazi akarudia kwa upole. "Ndiyo. Mama yako ni nani?"

"Wifi yako."

"Wifi yupi, mwanangu?"

Akajaribu njia nyingine. Kama ushuhuda ulikuwa mzima, huenda ungembeba shangazi mpaka ile asubuhi, na akishafika pale angeweza kuona mengine. Akavuta kiti, akakaa mbele yake, mikono mapajani.

"Shangazi, wageni wamefika."

Ungemwona! Mgongo ulinyooka, kitambaa cha kichwa kikawekwa sawa, na sauti ikatoka safi isiyotafuta neno. Akaeleza mtaa ulivyokuwa, redio ilivyokuwa ikitukana watu, majirani walivyoacha kusalimia. Bi Saa alisubiri.

"Asubuhi ile," shangazi akasema, "mlango uligongwa."

"Kabla ya mlango!" Bi Saa akadakia. "Wifi alikuwa anacheka, shangazi. Alicheka mpaka akakaa chini. Ulikuwa umevaa nini?"

Macho ya shangazi yalihangaika chumbani, yakaenda dirishani, yakarudi. Kisha akaanza upya, tangu mtaa ulivyokuwa. Akafika tena kwenye asubuhi, na safari hii Bi Saa alimwahi, akamshika mkono.

"Hapo hapo, shangazi. Wifi alikucheka. Kwa nini?"

Shangazi akaweka tena sawa kitambaa cha kichwa.

"Nimekosea?" shangazi akauliza. "Nimepitisha muda?"

"Hujakosea. Hujapitisha chochote."

"Maana kuna bibi mmoja hapa hataki tupitishe muda." Akainama kidogo, akapunguza sauti kama mtu anayemsengenya jirani. "Ni mwanangu huyo, nimemlea mimi. Ana moyo mzuri. Lakini ikija kazi, mama yangu! Usimguse."

Bi Saa alitaka kucheka, kilio kikamwahi. Alilia kwa sauti, yeye aliyewakimbia watu miaka yote wasimwone analia, na shangazi akawa anampigapiga begani kama alivyowafanyia wageni wengi waliolia mbele yake. Alipotulia, shangazi akauliza kama anaweza kuendelea. Bi Saa akaitikia kwa kichwa. Kitu gani kingine angeweza kufanya? Akasikiliza mlango ukigongwa. Akasikiliza wifi akisema nenda, mimi nakuja. Akamsikia mtoto mgongoni ambaye hakulia njia nzima, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwamba mtoto huyo ni yeye, na kwamba mwanamke wa mlangoni alikuwa ametoka kucheka muda si mrefu. Alicheka nini? Shangazi alivaa gauni kinyume? Alivaa viatu vya kaka yake? Lingekuwa jambo la dakika moja, na Bi Saa aliikata dakika hiyo kwa mdomo wake mwenyewe. Hakuna ofisi ya kwenda kuidai.

Ushuhuda ukaisha. Shangazi akaweka mikono magotini.

"Ahsante kwa kuja kunisikiliza," akasema. Akamchunguza huyu mgeni mwenye macho mekundu, akamhurumia. "Na wewe, mama yako yupo?"

"Hayupo, shangazi."

"Pole sana. Alifariki?"

"Zamani. Nilikuwa mdogo."

"Basi nisimulie habari zake," shangazi akasema. "Usiogope. Mimi nina muda."

Bi Saa akajifuta uso kwa kiganja. Nje kulikuwa na mtu akiburuta ndoo kwenye saruji.

"Alikuwa mcheshi," akasema.

Shangazi akatabasamu, akasogeza kiti chake karibu, akasubiri aendelee.