Fungu la Ukoko

Maneno yale yalianzia dukani kwa muuza vifungo, na yalipoingia kichwani mwa fundi cherehani hayakutoka tena. Kwamba iko familia moja iliwaachia wageni nyumba, ikaenda zake pwani kupumzika. Wageni wakakaa kwa adabu wiki nzima, wakafagia uwanja, wakasalimiana na majirani, hata mtu asiwatilie shaka. Ile siku ya mwisho, kesho yake wenyewe wanarudi, likaja lori. Wenyewe walipofika walikuta kuta.

"Kuta tupu?" fundi aliuliza, kidonge cha uzi mkononi.

"Kuta, na msumari wa kutundikia kalenda," alisema muuza vifungo. "Kalenda yenyewe haipo."

Alipokwenda tena kununua zipu, milango nayo ilikuwa imeibiwa. Safari ya tatu, na bakuli la choo limeng'olewa. Uvumi hauna breki. Lakini fundi hakucheka, maana habari ile ilimgusa penyewe. Yeye, mumewe na watoto wao watatu walikuwa karibu kwenda baharini, na nyumba yao walikuwa wanawaachia watu.

Mpango haukuwa wake. Ulikuwa wa wifi yake, dada wa mumewe, mpishi mkuu wa shule ya bweni, ambaye ukoo mzima ulimwita Waziri. Waziri wa Fedha, yaani. Jina alipewa kwa utani likamkaa kwa haki, kwa sababu mwanamke yule alilisha bweni zima kwa pesa ambazo mwingine angenunulia sabuni, na watoto bado wakarudi na sahani kuomba nyongeza.

Bahari yenyewe haikuwa mbali. Ukipanda basi la alfajiri, jua halijawa kali umeshafika. Ila watoto walikuwa wanaijua kwa kuisikia tu. Baba yao, fundi rangi, mtu wa maneno machache, alikwenda kuulizia vyumba vya kulala huko. Akarudi, akavua viatu, akakaa.

"Tungekuwa samaki," alisema, "tungelala bure."

Waziri aliposikia alikuja mwenyewe. Akaketi kwenye kiti cha wateja, katikati ya vitambaa, akasukuma mkasi pembeni.

"Kaka, wewe umeanza na bei. Bei inatisha, basi umekimbia. Anza na kinachokula pesa ni kipi. Chakula si hicho, mnakula hata mkiwa hapa. Nauli ni kwenda na kurudi, basi. Kinachokula ni kulala. Toeni kulala, safari inabaki ya saizi yenu."

"Tutalala juu ya mti?" fundi aliuliza.

"Wifi, wewe nawe! Mtalala kitandani, kwenye nyumba ya watu wazima na heshima zao."

Akaeleza. Mwenzake mmoja pale jikoni, anayeosha masufuria, alikuwa na wazazi wanaoishi karibu kabisa na ufuko. Baba mtu alitakiwa kuhudhuria kliniki ya macho mjini wiki nzima, kila siku, na hakuwa na pa kufikia. "Wao waje hapa, nyinyi mwende kule. Hakuna anayemlipa mwenzake. Kila mmoja anaacha mashuka safi na chumvi ya kuanzia."

Fundi rangi alitabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Fundi cherehani aliweka mkono juu ya cherehani yake kama mtu anayemshika mtoto sokoni.

"Na hii?"

"Inabaki. Au unataka uende nayo ukawashonee samaki suruali?"

"Mama, hapo shangazi amekumaliza," alisema kifungua mimba, binti aliyeanza kumzidi mama yake kimo na mdomo.

Wote wakacheka. Lakini mwenye kidonda ndiye anayejua kinavyouma. Fundi hakusoma zaidi ya shule ya msingi. Cherehani ile ndiyo iliyokuwa shamba lake, mshahara wake na sauti yake mbele za watu. Na kabatini mlikuwa na nguo za wateja, sare za shule, na gauni la harusi ambalo bado halijatiwa shanga. Vikipotea hivyo hatalala njaa tu, hata uso wa kuwatazamia watu hatakuwa nao.

Hata hivyo, hakuweza kukataa kwa jinsi Waziri alivyoupika mpango ule. Siku yake ya mapumziko alikwenda kule mwenyewe, akakagua nyumba, akaulizia bei za samaki kwa wanawake wanaowapaa magamba, si kwa wanaume wanaowatembeza mchangani. Akarudi akapiga marufuku nguo mpya. "Bahari haijui fasheni." Fundi akashona nguo za kuogelea kwa mabaki ya vitambaa, za rangi rangi, watoto wakafanana na bendera. Mwavuli wa kukodi ufukweni? Waziri alitazama fimbo ndefu ambazo kaka yake hufungia rola za kupakia rangi juu ya kuta. "Fimbo hizo na shuka moja. Kivuli si kivuli tu?" Unga, maharage, mafuta, kila kitu alikipima nyumbani kwa kibaba chake, vikafungwa. Shule zilipofungwa wakaondoka, na Waziri naye akafuatana nao. Na watoto, kila mmoja alipewa pesa yake ndogo mkononi siku ya kwanza, yake mwenyewe, asiulizwe. "Ukiila yote leo, kesho utawatazama wenzio. Mimi simo."

Yule wa kati aliila yote siku ileile. Kitinda mimba, msichana wa mashavu, alizungushia yake kwenye kitambaa akalala nayo, na kila muuza barafu alipopita alimwangalia kwa jeuri ya tajiri. Hakuna aliyelia kuomba pesa wiki nzima. Fundi aliona jambo lile akastaajabu. Yeye akiwapeleka sokoni tu hurudi sauti imemkauka.

Laiti angekuwa amestaajabu kwa macho yote mawili. Jicho moja lilikuwa nyumbani.

Asubuhi, watoto wakikimbilia maji, yeye alikaa chini ya shuka na simu.

"Jirani, hujambo? Taa waliwasha jana?"

"Waliwasha."

"Na leo hujaona gari lolote? Lori?"

"Lori la nini, Fundi? Umeagiza mchanga? Si uko kwenye mchanga huko?"

"Nauliza tu."

"Kaoge bahari, mama. Mimi si mlinzi wako."

Siku zilivyosogea ndivyo moyo ulivyozidi kumpanda, maana uvumi ulisema wazi kwamba wezi wa namna ile hungoja siku ya mwisho. Na siku ya mwisho, kwa bahati yake, ndiyo ambayo Waziri alikuwa ameiweka kama nyama ya mwisho kwenye sahani. Aliwauliza wenyeji lini ni bamvua, siku maji yanapokwenda mbali kuliko siku zote, akaipanga wiki nzima kuifuata. Siku hiyo, walimwambia, bahari hujivua shuka. Mtu hutembea kwa miguu mpaka kwenye mchanga ulioinuka katikati ya maji, akaona matumbawe na nyota za bahari zimelala. Jirani mmoja wa huko, mwanamke anayekusanya kombe, alikubali kuwaongoza.

"Kitu kizuri kuliko vyote huku hakiuzwi," Waziri aliwaambia watoto. "Kinataka miguu na kujua siku yake."

Asubuhi ile, kabla hata chai haijachemka, fundi alijifunga mtandio kichwani.

"Mimi narudi nyumbani mara moja."

Mumewe aliweka kikombe chini. "Kesho tunarudi. Leo unakwenda kutafuta nini?"

"Nimesahau dawa."

"Ya nini?"

"Ya kichwa."

"Hiyo kweli umeisahau," alisema mumewe.

Kitinda mimba akamshika nguo. "Mama, na bamvua?"

"Mtanisimulia, mwanangu."

Alijua pia kwamba nauli ya kwenda na kurudi haikuwamo. Mkoba wa safari ulibaki na pesa ya basi la kesho na samaki wa leo. Akamwendea wifi yake jikoni, amejiandaa kusutwa. Mawifi tena! Neno moja tu hapa lingetembea kwenye ukoo mpaka kwa wajukuu.

Waziri hakumsuta. Aliifuta mikono, akafungua pindo la kanga yake, akatoa noti zilizokunjwa pamoja.

"Hii ni yako. Kwenda na kurudi."

"Umeitoa kwenye nini? Samaki?"

"Haitoki kwenye kitu. Ilikuwepo tangu mwanzo." Akaketi kwenye kigoda. "Wifi, mimi napika sufuria ambalo ukiingia ndani unasimama. Hata uwe fundi vipi, chini pataungua. Mpishi mjinga huhesabu wali wote kuwa wali, halafu watoto wa mwisho wakikosa analaumu kuni. Mimi ukoko nauhesabu kabla sijawasha moto. Nilipopanga safari hii nilikutazama, nikajua huyu lazima ataungua mahali. Nikakutengea fungu lako."

Fundi alizipokea noti. Aibu ilimwingia, lakini ilichanganyika na kitu kingine. Maisha yake yote watu walimwambia acha wasiwasi, kana kwamba wasiwasi ni kofia. Huyu alikuwa wa kwanza kuuona, akaupima, akaulipia nauli, na hakugusa hata senti ya watoto.

"Ningependa ubaki," Waziri aliongeza. "Lakini kumzuia mtu mwenye moto kichwani ni kukaa naye wote kwenye moshi."

Fundi alikwenda.

Alifika mtaani kwake akitafuta alama za magurudumu. Hakukuwa na kitu. Mlango ulikuwa umefungwa, na ndipo alipotambua jambo ambalo hakulifikiria njia nzima. Alitakiwa abishe kwake mwenyewe.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu!" Bibi mwenye nyumba ya pwani alifungua, mikono ina unga. "Kumbe wewe! Kuna usalama? Ingia, ingia, usisimame mlangoni kama mgeni."

Aliketishwa kwenye kiti cha wateja wake, akapewa chai ndani ya kikombe chake. Mzee, jicho moja limefungwa bandeji, alimsalimu kutoka chumbani. Cherehani ilikuwa palepale. Bibi alikuwa ameifunika kwa kanga yake mwenyewe, mpya, kwa sababu vumbi la barabarani lilimtia wasiwasi. Kabati lilikuwa limefungwa vilevile. Mteja wa gauni la harusi alikuja, bibi akasema, akataka kuchungulia nguo yake. "Nikamwambia mwenye ufunguo yuko baharini na wanawe, wewe nenda kaolewe taratibu."

Fundi alicheka, machozi yakamtoka kidogo. Akasema amefuata dawa. Akaingia chumbani, akatoka na kidonge asichokihitaji.

Bibi akamsogelea, akashusha sauti. "Mwanangu, nikuulize na mimi. Kuku wangu mweusi bado ameatamia?"

"Kuku?"

"Yuko nyuma ya jiko, kwenye kapu. Usinicheke. Nilisikia kuna watu huko kwetu waliwaachia wageni nyumba, waliporudi wakakuta manyoya."

Fundi alikizungusha kile kidonge mkononi. Wiki nzima amekaa kwenye nyumba ile na hakuwahi kwenda nyuma ya jiko. Alikuwa ameitazama barabara tu.

"Yupo, mama," alisema mwishowe. "Nikifika namwangalia tena, nakupigia."

Basi la kurudi lilichelewa kujaa abiria. Aliposhuka, jua lilikuwa limeshapinda. Akapita nyuma ya jiko kwanza. Kuku alikuwepo, mkali kama askari, na pembeni yake bakuli la maji safi. Mtu alikuwa akimhudumia kila siku, na hakuhitaji kuuliza ni nani.

Watoto walimvamia wote kwa pamoja, miguu imechanika kwa matumbawe, nywele zimeganda chumvi. Yule wa kati aliona pweza akibadilika rangi. Kifungua mimba, na mdomo wake wote, alinyamaza kimya pale walipofika, Waziri akamtania kwamba bahari imeweza alichoshindwa mwalimu mkuu. Baba yao, mtu wa maneno machache, aliimba. Kweli, aliimba! Wakaanza kucheka wote kwa jambo lililotokea njiani, baba aliteleza, mara rola, mara shuka, na kila mmoja alimkata mwenzake kauli. Fundi alicheka pamoja nao, ila alicheka nyuma kidogo, kama mtu asiyejua wimbo.

Alirudisha chenji. Waziri akaipokea, akaihesabu kwa jicho.

"Imetosha?"

"Imetosha, wifi."

"Basi. Watoto wamekula, mchanga wameuona, na wewe kichwa kimepoa. Hakuna hasara."

Alisema vile kwa upendo, na fundi alimshukuru kutoka moyoni. Mpaka leo akisikia mtu anamwita wifi yule bahili humjibu palepale. Lakini juu ya hasara hakukubaliana naye.

Alimshika mkono kitinda mimba wakashuka ufukweni.

"Nionyeshe huo mchanga mliokwenda."

Mtoto akanyoosha kidole. "Pale."

Pale palikuwa maji, mengi, ya bluu nzito, yakija.

Basi mzazi unayetaka kuwapeleka wanao baharini kwa kipato chako hichohicho, jiepushe na haya:

Usianze kwa kuulizia vyumba. Jua kwanza kinachokula pesa.

Usiwashushe watoto ufukweni na njaa. Tumbo tupu halijui bei.

Usinunue nguo mpya za kwenda kuchafukia mchangani.

Usiwe benki ya watoto kila muuza barafu akipita. Wape chao mara moja.

Usibadilishane nyumba na mtu kama hakuna mtu wa kati mnayemfahamu nyote wawili.

Usiondoke na kazi za watu mkononi. Zimalize, au mpe mwenzako wa kazi akutunzie.

Usiwaruhusu watoto kutembea maji yanapokupwa bila mwenyeji anayejua yanarudi lini.

Usipange pesa kana kwamba hakuna kitakachoungua.

Usisadiki habari ambayo kila ukiirudia imeongezeka.

Usirudi nyumbani siku ya mwisho.