Nywele za Lengai

Naishorua alimnyoa mwanawe asubuhi, kwa wembe mpya, maji na maziwa, juu ya ngozi ya ng'ombe, vilevile mama anavyomnyoa morani siku ya eunoto, siku ya kuuaga ujana. Lengai aliikosa siku yake. Rika lake lote liliponyolewa, yeye alikuwa porini akigombana na sauti zisizo na watu. Tangu hapo, miaka minne, hakuruhusu mkono wowote uguse nywele zake.

Lakini leo alitulia. "Yeyo, leo ndiyo siku yangu?"

"Ndiyo siku yako," mama akajibu, na Mungu amsamehe, maana alijua anadanganya.

Jirani yao Mepukori, anayeendesha watalii, ndiye aliyemwonyesha kwenye simu: madaktari wa Ulaya wanafungua fuvu, wanatoa wazimu, wanashona. Naishorua alikwishamaliza waganga, mizizi na maombi. Mfa maji haachi kutapatapa. Akaona kichwa kikifika kimenyolewa, daktari hatapata sababu ya kuwarudisha nyumbani Olbalbal.

Mepukori akawapakia garini hadi hospitali ya Karatu. Njia nzima Lengai alikuwa akijipapasa utosi na kutabasamu.

Daktari Selina alikitazama kile kichwa. "Poleni, mama. Mmefiwa?"

"Hatujafiwa. Nimemnyoa ili umpasue. Utoe huo ugonjwa."

Daktari hakucheka, na hilo ndilo lililomtisha Naishorua.

"Mama yangu, zamani huko nje waliwapasua wagonjwa wa akili ubongo, na wengine walirudi nyumbani kama maganda matupu. Siku hizi upasuaji huo bado upo, lakini ni nadra mno, kwa maradhi machache, dawa zote zikishashindwa. Huyu hajameza hata kidonge kimoja. Tuanze na dawa. Atameza kila siku, pengine miaka mingi."

"Atakuwa kama zamani?"

"Atapata nafuu. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi."

Naishorua akalia palepale, bila haya. Alikuja kuchukua mwana mzima, akapewa pakiti ya vidonge.

Katika kulia kwake alimsahau Lengai, aliyefika darasa la saba na kukijua Kiswahili kuliko yeye. Alipogeuka, mwanawe alikuwa amejifunika shuka kichwa chote.

"Kumbe hukuninyoa kwa eunoto," alisema kwa Kimaa. "Umeninyoa ili nikatwe."

Mama alitoa kidonge, akakiweka kiganjani, akamnyooshea. Lengai akakichukua, akakimeza bila maji.

"Nikipona, utaninyoa tena? Mbele ya watu?"

"Nitakunyoa, mwanangu." Safari hii hakujua kama anadanganya.

Lengai akaivuta shuka, akajifunika vizuri zaidi.

"Basi usiziguse tena, yeyo. Ziache ziote."