Meno Ishirini na Manane

Kila siku ya shule, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Nthenya alipiga kengele ya baiskeli mara mbili mbele ya lango la kina Mbuvi: mara ya kwanza kumwita, mara ya pili kumwomba radhi kwa kumwita. Mbuvi alitoka na fimbo yake nyeupe kwapani, akapapasa kiti cha nyuma, akapanda na kuuliza, "Leo tunaanza na wimbo gani, Mwalimu?"

"Ule wa jana," Nthenya alijibu. Maneno yake aliyatoa kidogo kidogo, kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga ya wageni.

Basi waliondoka wakiimba kwa solfa, do mguu wa kulia, mi mguu wa kushoto, hadi chini ya mwinuko wa Kwa Mulwa. Hapo nyimbo zilikatika zenyewe. Walikanyaga hatua ishirini, wakahema, wakashuka, wakasukuma.

Baiskeli hiyo ya watu wawili iliachwa na mmishonari na mkewe waliporudi kwao mwaka 1986. Kanisa liliipa shule ya Tawa kwa ajili ya Mbuvi, mwalimu wa muziki, ambaye surua ilimpofusha akiwa na miaka sita. Ilihitaji mtu wa kushika usukani, na kati ya walimu wote ni Nthenya peke yake, msichana wa Matinyani aliyetoka chuoni juzi, aliyejua kuendesha baiskeli. Alikubali kwa sababu hakujua namna ya kukataa. Sasa, miezi minane baadaye, hakujua angefanyaje asubuhi zake bila kengele ile.

Jumanne moja walikuwa wamefika hatua ya kumi na saba pale Kwa Mulwa wakati cheni ilipolia *ta!* na kukatika. Pedali zikazunguka bure, baiskeli ikaanza kurudi nyuma, na wote wawili wakajikuta wamesimama kwenye vumbi, wamekumbatia chuma.

"Aiya!" alipaza sauti Ndinda, muuza uji aliyekaa chini ya mwinuko. "Bibi harusi amemwangusha bwana harusi! Mama mchungaji aitwe!"

Nthenya alihisi uso ukiwaka. Mbuvi alicheka, lakini kicheko chake kiliisha mapema.

"Umeumia?" alimuuliza.

"Hapana."

"Mwalimu, nilitaka kukwambia tangu Jumapili. Nimepata barua. Shule moja ya Kathonzweni inataka mwalimu wa muziki. Nyumba iko hapo hapo uani. Na wanasema kule ni tambarare." Alipangusa vumbi kwenye fimbo, ingawa haikuwa na vumbi. "Nimekuchosha vya kutosha. Kila asubuhi nasikia unavyohema. Natakiwa kujibu ifikapo Ijumaa."

Nthenya alikuwa na neno. Lilipanda hadi kooni, likakuta pumzi zimejaa njia, likarudi.

"Tumpelekee fundi kwanza," alisema.

Fundi Nzuki alikuwa na kibanda karibu na soko, na mdomo usiokaa bure. Aliizunguka baiskeli mara tatu kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Hii ilitengenezewa nchi isiyo na milima," alisema. "Ona huku kulia, kwenye pedali za mwalimu wa muziki. Gurudumu la meno ni kama sinia, meno arobaini na manane. Kule kwa tairi, kumi na manane tu. Mkipanda Kwa Mulwa na hii, mnapigana na Mungu."

"Kwa hiyo si uzito wangu?" Mbuvi aliuliza haraka.

"Uzito gani? Wewe ni mfupa na suti! Mbele pawe padogo, nyuma pawe pakubwa, mtapanda hata ukuta. Spea za baiskeli kama hii sina, lakini nina maiti za zingine. Njooni kesho."

Kesho yake, fundi aliwakabidhi baiskeli akitabasamu mpaka magego. Alikuwa ameunga cheni, na kutoka kwa baiskeli ya mtoto alikuwa amepata gurudumu dogo la meno.

Walipanda. Hawakufika hata kwa Ndinda kabla ya mambo kuharibika. Miguu ya Nthenya ilikuwa ikizunguka mbio kama ya kuku aliyeona mwewe, huku ya Mbuvi ikienda taratibu kama ya mzee anayetoka ibadani. Nthenya alimaliza ubeti wa kwanza Mbuvi akiwa bado katikati yake.

"Mwalimu, unakimbilia wapi?" Mbuvi aliuliza.

"Sijui! Miguu ndiyo inakimbia!"

"Leo kila mtu na kanisa lake!" Ndinda alipiga kelele, mwiko wa uji hewani. Mwinuko wenyewe uliwashinda kama kawaida, tena mara hii Mbuvi alihema zaidi.

Walirudi kwa fundi. Mbuvi alichuchumaa, akapapasa cheni ya kushoto, ile inayounganisha pedali za mbele na za nyuma. Alihesabu meno kwa ncha za vidole, midomo ikitikisika, kama anavyohesabu pigo la wimbo.

"Fundi, upande huu zamani meno yalikuwa sawa, thelathini na sita mbele na thelathini na sita nyuma. Nilishayahesabu siku nyingi. Sasa mbele ni ishirini na manane. Umempunguzia yeye peke yake. Cheni ya kulia, inayovuta tairi, hukuigusa."

Fundi Nzuki alijikuna kisogo.

"Nilimwonea huruma msichana wa watu," alisema. "Nikasema, yeye ndiye anamsaidia mwenzake, basi yeye ndiye apunguziwe."

"Nani kasema mimi ndiye ninayemsaidia?" Nthenya alijibu, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua. Wanaume wote wawili wakamgeukia. Akainama na kushika pedali kama mtu aliyeangusha kitu.

Mbuvi aliinamisha kichwa upande mmoja, kama anavyofanya kwaya inapotoa sauti asiyoitarajia.

Alhamisi fundi alifungua vyote. Cheni ya kushoto ilirudishiwa meno yake, sawa kwa sawa. Gurudumu dogo la meno ishirini na manane alilihamishia kulia, mahali pa lile sinia. Nyuma, kwa tairi, alipigilia kwa ribiti za chuma gurudumu la meno ishirini na manne kutoka kwa baiskeli iliyogongwa ya muuza maziwa. Cheni mpya ilikuwa vipande vya cheni tatu. "Baiskeli hii sasa ina ukoo," alisema.

Ijumaa asubuhi kengele ililia mara mbili. Mbuvi alitoka na fimbo kwapani, na katika mfuko wa koti, ncha ya bahasha ilichungulia. Nthenya aliiona. Hakuuliza. Waliimba hadi kwa Ndinda, wakauanza mwinuko.

Hatua ishirini. Arobaini. Baiskeli ilitambaa polepole kiasi kwamba mbuzi mmoja aliwapita, akageuka kuwatazama. Lakini ilipanda. Miguu ilikwenda pamoja, laini, na wimbo haukukatika.

"Aiya, wanapanda!" Ndinda alisikika mbali chini, na safari hii hakuongeza utani.

Walipofika katikati, Mbuvi aliacha kuimba.

"Nakusikiliza," alisema. "Huhemi."

"Sihemi."

"Basi leo nitaiposti barua. Nimeandika majibu mawili, Mwalimu, la kwenda na la kubaki. Moja liko kwenye bahasha, lingine mfukoni. Sijafunga bahasha. Wewe waonaje?"

Nthenya alitazama barabara. Siku zote neno lake lilikuta pumzi zimejaa njia. Leo njia ilikuwa wazi, pumzi tele, kilele bado mbali, na miguu yao ikizunguka sawasawa. Hakuwa na kisingizio hata kimoja.

"Mbuvi," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Usiende Kathonzweni. Si kwa sababu ya shule, wala kwaya. Mimi ndiye sitaki uende."