Bingwa wa Kabla ya Mwaka Mpya

Zamani zile bingwa wa taifa wa mpira wa Kimarekani wa vyuo hakupatikana uwanjani. Waandishi wa magazeti walipiga kura mapema Desemba, na michezo mikubwa ya Mwaka Mpya ilichezwa baada ya taji kwisha kutolewa. Hapa Alabama, mume wangu, Harlan Tisdale, alikuwa miongoni mwa wapiga kura hao. Kaka yangu, Wendell, alikuwa kocha wa chuo chetu.

Msimu ule Wendell hakushindwa hata mara moja. Ulikuwa msimu wake wa mwisho, kwa kuwa moyo wake ulikuwa umechoka na daktari alikuwa amemkataza hata kupanda ngazi. Chuo kimoja cha kaskazini nacho hakikushindwa. Timu hizo mbili hazikuwa zimekutana, wala hazikupangiwa kukutana.

Jumapili moja baada ya ibada, Wendell aliketi mezani kwangu, akamkazia Harlan macho.

"Shemeji, ukiwapa kura wale watu wa theluji, kuku wa dada yangu utamsikia harufu tu."

"Kura ni siri, Kocha."

"Siri gani, na wewe huwezi kuficha hata mafua! Hebu niambie, wale umewaona wapi wakicheza?"

"Nimesoma habari zao."

"Umesoma! Mimi umeniona kila Jumamosi, mdomo umejaa karanga za kuchemsha."

Tulicheka. Harlan hakucheka sana. Alichelea kuambiwa kwamba amempendelea shemeji yake, na kwa woga huo, ambao yeye aliuita uadilifu, akawapigia kura watu wa kaskazini. Wakatawazwa.

Siku ya Mwaka Mpya mabingwa hao walichapwa hadharani. Wendell alishinda mchezo wake. Taji halikuhama.

Kesho yake alikuja kula kunde na sukuma wiki nilizomwekea, maana kwetu mwaka haufunguliwi bila hizo. Harlan alimsogezea mkate wa mahindi.

"Hongera, shemeji. Kura yangu moja isingebadili kitu."

"Najua, bwana. Nisingekuwa bingwa hata hivyo. Nilitaka tu yule mmoja aliyeniona aseme kwamba ameniona."

Wendell alikula kidogo, akasifu kunde, akaenda zake akitembea polepole. Tulimzika mwaka huohuo, kabla mipichi haijachanua.

Siku hizi timu bora hupambana hadi ibaki moja, kama ilivyopasa tangu awali. Mchezo huamuliwa na wanaoucheza. Harlan, ambaye sasa haoni vizuri, huvuta kiti hadi puani pa televisheni, akazitazama zote, hata za vyuo asivyovijali. Nikimwita mezani, haondoki.

"Ngoja kwanza, Lorene. Hawa sijawaona."

Nami hufunika kunde zake, zikapoa.