Treni ya Mafuta Niliyoipungia Mkono

Sisi wapenda treni tuna ujinga wetu mmoja: tunatazama kichwa na kusahau mkia. Nasema "sisi" ili nisionekane peke yangu. Lakini asubuhi ile ya Aprili, kwenye kivuko cha reli cha Kessel, mji wetu mdogo wa Wisconsin, mjinga alikuwa mmoja tu, na jina lake ni Orrin Tveit, mtengeneza jibini mstaafu. Ndiye mimi.

Tulikuwa wawili, mimi na Lavonne Pruski. Lavonne ni mjane wa miaka sabini na mmoja, na mdomo wake haujastaafu. Tangu mafuta ghafi ya Dakota Kaskazini yaanze kupita mjini kwetu kwenda kwenye viwanda vya kuyasafisha huko mashariki, yeye ndiye aliyekuwa anayafuatilia. Kampuni ya reli haikutuambia zinapita treni ngapi, wala zinaelekea kiwanda gani. Basi Lavonne alikaa kwenye kiti chake cha kukunja, blanketi miguuni, sikioni redio ya kunasa mazungumzo ya madereva, mapajani daftari. Behewa la mafuta lina kibao chekundu chenye namba 1267. Akikiona, anaandika. Kisha anampigia mtu wetu wa La Crosse, naye anampigia mwingine karibu na Chicago, na kufikia jioni tunajua treni imechepukia kiwanda kipi. Baraza la mji lilikuwa limeanza kutusikiliza. Tangu mwaka uliotangulia, treni moja kama hizo ilipoteketeza katikati ya mji mmoja kule Quebec, hakuna aliyetuita wendawazimu tena.

Mimi na madaftari wapi na wapi. Mimi mtu wa picha.

Asubuhi hiyo habari ilikuwa imeshaenea kwa simu: treni ya mafuta inakuja, na kichwa chake cha mbele kimepakwa rangi za zamani, kijani na chungwa, rangi za kampuni iliyokufa nikiwa kijana. Kichwa kile nilikuwa nimekiwinda miaka minne. Kikipita Wisconsin, mimi niko kwa daktari wa meno, au kunanyesha, au kimepita gizani. Siku ile kulikuwa na jua, nami nilikuwa siachi kufuta lenzi ya kamera.

"We mzee, tulia," Lavonne akaniambia. "Mtu atadhani unangoja mchumba."

"Mchumba nilishapata. Hiki sijawahi."

"Joyce akusikie huko aliko, atafufuka akuzabe kofi."

Kuna desturi moja lazima niieleze, maana ndiyo iliyotuponza. Mtu wa reli akisimama kando ya njia treni ikipita, huyakagua mabehewa kwa macho, kisha huwapa ishara walio kwenye kichwa. Mkono ukipanda na kushuka, maana yake safi, endeleeni. Ukiyumbishwa chini huku na huku, simameni. Wendell Halama, rafiki yangu aliyefanya kazi ya breki miaka thelathini, alitufundisha ishara hizo pale pale kivukoni, tukazichukua kana kwamba ni zetu. Haimo katika kitabu chochote kwamba mtengeneza jibini anaweza kuipa treni ruhusa. Lakini wafanyakazi waliotujua walikuwa wakitutazama, nasi tulikuwa tukiwajibu, na ukweli ni kwamba tuliona fahari.

Wendell alishafariki. Binti yake Bridget ndiye aliyekuwa kondakta, yaani msimamizi, wa treni ile.

Kabla ya kufika kivukoni, njia inapinda ikiufuata ukingo wa Mississippi, hivi kwamba treni yote unaiona ubavu kabla kichwa hakijakufikia. Kikatokea. Kijani, chungwa, jua limekipiga usoni. Nikaanza kupiga picha. Nilimwona Bridget kwenye kamera, kichwa nje ya dirisha, mkono umenyooka kuelekea nyuma. Nikajua ananitania: umekipata hatimaye, mzee! Nikaacha kamera mkono mmoja, nikaupandisha wa pili na kuushusha, mara mbili, kwa furaha. Safi! Naye akaupandisha wake, akarudi ndani. Mabehewa yalipoanza kupita nilikuwa nimeyapa mgongo, nakagua picha zangu.

Ni Lavonne aliyepiga kelele. "Orrin! Moshi! La sitini na moja, kwenye gurudumu!"

Nikageuka. Moshi mwembamba, mweupe, chini ya behewa, na harufu ya chuma kilichoungua. Kichwa kilikuwa kimeshapotea nyuma ya miti. Lavonne akaikimbilia namba ya dharura iliyobandikwa kwenye mlingoti wa kivuko, na kumwona mwanamke wa umri ule akikimbia nikaogopa zaidi kuliko moshi. Mtu wa upande wa pili wa simu alikuwa bado anamwomba arudie namba ya kivuko wakati mabehewa manne yalipoacha reli, maili mbili mbele, yakalalia kinamasi. Hayakulipuka. Hakuna aliyeumia. Mafuta yaliingia kwenye maji, na wiki nzima tuliona watu waliovaa nguo nyeupe wakiokota bata weusi.

Usiku niliziangalia picha tena, kwenye kioo kikubwa. Ya nne ndiyo iliyoniua. Bridget hakuwa akicheka. Macho yake yalikuwa nyuma, kwenye mabehewa, na kidole kinaelekeza huko huko. Alikuwa akiniuliza: unaona kitu? Nami nikamjibu, safi.

Baada ya siku kumi tukasikia amesimamishwa kazi na ataitwa kwenye uchunguzi, yeye na dereva wake. Miaka tisa ya kazi, mtoto wa shule, nyumba ambayo hajamaliza kuilipia. Nikaenda kwake. Nilimkuta jikoni anakaanga viazi, hakuzima jiko.

"Bridget, nimeiona picha. Uliniuliza."

"Sikukuuliza kitu, mjomba Orrin."

"Mwanangu, nimeiona kwa macho yangu. Nitakwenda nikawaambie. Wajue kosa ni langu."

Akaweka mwiko chini. "Usije. Umesikia? Sikuona kitu, sikuuliza kitu. Nilikusalimia, ukanisalimia, basi."

"Lakini picha..."

"Ifute."

"Baba yako angekuwa hai asingekubali nikuache ubebe peke yako."

"Baba angekuwa hai," akasema, "angekwambia ufunge mdomo." Kisha akanipakulia viazi, tukala.

Nilirudi nyumbani nimeguswa. Nilijiambia, ona msichana huyu, ananihurumia mimi mzee, anataka kunifichia aibu! Nikampenda zaidi, na nikazidi kuamua. Lavonne nilipomweleza, alinitazama kwa ile miwani yake iliyofungwa uzi.

"Mwenyewe kakwambia usiende. Unaenda kufanya nini?"

"Kusema kweli."

"Kakuomba kweli?"

"Lavonne, sina usingizi wiki mbili sasa."

"Basi nenda duka la dawa," akasema, akafungua daftari lake.

Niliandika barua kwa kampuni, nikasema nina ushahidi na picha. Wakanijibu siku ya pili, tena kwa adabu sana. Kampuni ambayo kwa miaka miwili haikuwahi kujibu barua hata moja ya Lavonne. Mwenye akili angesita hapo.

Uchunguzi ulifanyika kwenye chumba cha mikutano cha moteli moja karibu na barabara kuu. Meza ndefu, jagi la maji, kinasa sauti. Upande mmoja bwana wa kampuni, kijana aliyenyoa vizuri. Upande wa pili Bridget, dereva wake, na mtu wa chama cha wafanyakazi aitwaye Gorski, mnene, mwenye faili. Nilipoingia, Bridget aliinua macho, akayashusha. Nikajinyoosha. Nilikuwa nimevaa suti niliyomzikia mke wangu Joyce.

Nikasema yote. Desturi ya kivukoni, rangi za kichwa, mkono wangu, mgongo wangu. "Kosa ni langu," nikasema. "Huyu binti alifanya kazi yake. Alitazama nyuma, akaniuliza, mimi ndiye niliyemdanganya." Nikaisukuma picha mezani. Nilihisi kifua kimefunguka, nakiri, kama mtu aliyetua gunia.

Bwana wa kampuni akaichukua picha kwa ncha za vidole. "Asante sana, mzee Tveit. Si wengi wenye ujasiri huu. Hapa anaelekeza wapi?"

"Kwenye mabehewa."

"Na unasema alikuwa akikuuliza kama mabehewa ni salama."

"Ndiyo."

"Kwa maoni yako, kwa nini aulize?"

Nikafungua mdomo, na hapo ndipo nilipoliona shimo, nikiwa tayari nimo ndani. Gorski alikuwa amefumba macho.

"Labda," nikasema, "labda desturi tu."

"Umesema hivi punde: alitazama nyuma, akauliza. Huwa anauliza kila akipita?"

Ningeweza kusema uongo. Nilikuwa nimekuja kusema kweli mpaka sikuwa na uongo wowote ulio tayari. "Hapana," nikasema. "Si kila mara."

"Wewe ni mfanyakazi wa reli?"

"Nilikuwa natengeneza jibini."

Akaandika. Kisha akamgeukia Bridget, bila hasira yoyote, na ingekuwa heri angekuwa na hasira. "Bi Halama, katika maelezo yako umeandika kwamba hukuona jambo lolote lisilo la kawaida. Kondakta akishuku kuna kasoro kwenye treni yake, kanuni inamtaka afanye nini?"

"Aisimamishe," Bridget akasema. "Ashuke, aikague kwa miguu."

"Ulishuka?"

"Hapana."

"Ulimuuliza mpiga picha."

Bridget akavuta jagi, akajimiminia maji. Kinasa sauti kiliendelea kuzunguka.

Gorski alinikuta kwenye maegesho, nimeegemea gari langu. Aliwasha sigara na kuniambia polepole, kama unavyomwambia mgonjwa. Mpaka nilipoingia chumbani saa nne asubuhi hiyo, kampuni haikuwa na kitu. Kifaa cha kupima joto la magurudumu kilichoko kabla ya mji kilisema treni ni salama. Gurudumu lilikuwa bovu na behewa ni la watu wengine. Bridget na mwenzake walikuwa wamebaki na maneno mawili tu: hatukuona kitu. Wangepewa onyo, siku chache nyumbani, warudi kazini. "Sasa ameona, hakusimama, na amedanganya kwenye maandishi," Gorski akasema. "Hilo la mwisho halina onyo, ni kufukuzwa tu."

"Hakuniambia hivyo!"

"Angekuambiaje, mzee? Wewe si ndiye msema kweli?"

Wahenga walisema ulimi uliponza kichwa. Hawakusema kichwa cha nani.

Bridget akatoka. Alikuwa ameshika koti mkononi ingawa kulikuwa na baridi. Nilitaka kumwomba msamaha, na nilitaka vilevile, Mungu anisamehe, anisifu kidogo. Alisimama hatua mbili kutoka kwangu.

"Ulikuwa moshi kidogo sana," akasema. "Nilidhani vumbi. Walikuwa wanatuharakisha, kuna treni tatu nyuma yetu. Nikasema, mjomba Orrin yuko pale, yeye ataona vizuri."

"Bridget, mwanangu..."

"Swali moja tu. Nilikuomba usije. Ulikuja kwa ajili yangu, au kwa ajili yako?"

Barabarani malori yalikuwa yakipita. Nilitafuta jibu ambalo lingetufaa sote wawili, sikulipata.

"Kwa ajili yangu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu alichokwisha kukinunua. Kisha akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akaingia garini kwenda kumchukua mtoto shuleni.