Siku Mbili za Mwezi wa Ziada

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda cha plastiki katikati ya ua wa mdogo wangu Tian-lai, furushi mapajani, viatu vya kutokea miguuni, na hapakuwa na mtu aliyekuwa njiani kuja kumchukua. Nilimwona kabla hajaniona. Nilikuwa nimetoka kushuka basi na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa, mchuzi umenimwagikia hadi kwenye kiwiko. Kuku walikuwa wakichakura maganda ya vitunguu saumu pembeni yake. Alikuwa amevimenya yeye, bila shaka, kabla ya kufunga furushi.

"Umekaa hapa tangu saa ngapi, Mama?"

"Tangu nilipomaliza kuosha vyombo." Akaitazama sufuria. "Umeniletea miaka mingine? Nitaiweka wapi, A-Hun?"

Mwaka ule ulikuwa wa miezi kumi na mitatu. Kalenda yetu ya mwezi mwandamo hufanya hivyo kila baada ya miaka miwili au mitatu, na mwezi wa ziada unapoingia, binti aliyeolewa huwapelekea wazazi wake tambi zilizopikwa na miguu ya nguruwe ili waongezewe umri. Nilikuwa nimezipika tangu nilipoolewa. Sikuwahi kujiuliza kama anayeongezewa anataka.

Baba alikuwa amekufa mwaka mmoja nyuma. Ndugu zangu watatu waligawana shamba la vitunguu saumu, kisha wakamgawana na Mama, kama wafanyavyo watu wote wa mji wetu. Tian-lai alichukua mwezi wa kwanza, wa nne, wa saba na wa kumi. Kun-san alichukua inayofuata hiyo, na Beng-hui, kitinda mimba, iliyobaki. Wana watatu, miezi kumi na miwili, mgawanyo ulikaa sawasawa bila mtu kununa. Mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa, lakini niliolewa Jiayi, mwendo wa saa nzima kwa basi, na kwetu aliyeolewa hahesabiwi. Mama alisema mpango ni mzuri. Kila mwezi ulipoandama alifunga nguo zake, dawa zake za presha na kisu chake cha kumenyea, akahamia kwa mwingine.

Hakuna aliyeukumbuka mwezi wa kumi na tatu hadi ulipobisha hodi. Na ulivyo na bahati mbaya, mwaka ule ulirudiwa wa saba, mwezi wa mizimu, ambamo watu hawaoi wala hawahami nyumba. Tian-lai alisema wa saba wake amekwisha kuumaliza, huu mwingine si wake. Kun-san alisema yeye ni wa nane, ukiingia tu atakuja na lori siku hiyo hiyo. Mkewe naye akakumbuka ghafla kwamba si vizuri kumwingiza mtu nyumbani na mizigo wakati mizimu inazurura. Beng-hui hakupokea simu mpaka nilipompigia mimi.

Adhuhuri tulikutana sebuleni kwa Tian-lai, mbele ya madhabahu ya mababu, mlango ukiwa wazi. Mama alibaki uani. Alikuwa amechota vitunguu vingine na kuanza kumenya, na nina hakika alisikia kila neno, kwa maana hakuna aliyejali kushusha sauti. Wifi yangu, mke wa Tian-lai, alipakua zile tambi na kumpelekea bakuli. Mama alikula vijiko viwili, kisha akawaita wajukuu akawagawia zilizobaki.

Walibishana kwa muda mrefu na kwa adabu, jambo ambalo linachosha kuliko matusi. Hatimaye Beng-hui akasema wagawane mwezi wenyewe. Tian-lai akafunua kalenda ya ukutani. Mwezi ule ulikuwa mpungufu, siku ishirini na tisa. Tisa kwa kila mmoja, zikabaki mbili. Na hawa wanaume watatu, wenye nyumba za ghorofa na watoto wa kwao wenyewe, wakakwama kwenye siku mbili.

"Sasa hizo mbili anabeba nani?" Kun-san aliuliza.

"Nipeni mimi," nikasema.

Beng-hui alijikuna shingo. "Watu watasemaje, Dada? Mama ana wana watatu, halafu akalale kwa mkwewe?"

"Waambieni amekwenda kutembea."

Wakakubali upesi, na upesi ule uliniuma. Lakini niseme na langu. Neno lililokuwa kwenye ulimi wangu halikuwa siku mbili. Lilikuwa mwezi mzima. Nikamfikiria mume wangu Kim-tek na kile chumba kimoja nyuma ya duka letu la ushonaji, nikazifikiria sare za shule zilizorundikana kando ya cherehani, nikalimeza. Mama aliishi miaka minane baada ya hapo, na miezi ya ziada miwili iliyokuja ndani yake ndugu zangu waliniachia mizima mizima. Niliipokea. Haikufuta ule wa kwanza.

Ndani ya siku hizo mbili nilikuwa na jambo langu. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilifaulu mtihani wa kuingia sekondari, mimi na mtoto wa mwenye kinu tu katika darasa zima. Wiki ile ile Kun-san akazaliwa. Mama alikuwa na shamba, nguruwe watano, mama mkwe asiyeweza kusimama, na Baba asiyekaa nyumbani. Asubuhi ya siku ya tatu baada ya kujifungua alichukua mkoba wangu wa shule, akautundika kwenye msumari, akanifunga Kun-san mgongoni kwa kitambaa, akashika jembe akatoka. Hakusema kitu. Nilisubiri aseme kitu jioni ile, nikasubiri mwaka ule, nikasubiri mpaka siku ya harusi yangu. Alilea watoto wanne, kisha wajukuu saba, na sikumbuki hata siku moja kumwona amelala jua likiwa juu. Mtu wa namna hiyo unamkamata wapi umuulize swali? Nilikuwa nimelibeba kwa miaka arobaini na sita: je, alijua alichonichukulia?

Basi siku ya ishirini na nane Beng-hui akamleta. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Tungekwenda hekaluni, tungekula wali wa bata mzinga kwenye kile kibanda karibu na stesheni, na tukiwa tumeshiba, ningemuuliza. Kim-tek alikuwa amehamishia godoro lake dukani bila kuambiwa.

Mama alisimama katikati ya chumba akatazama huku na huku.

"Cha kumenya kiko wapi?"

"Hakuna, Mama."

"Cha kufua?"

"Hakuna. Hapa hufanyi kitu."

Alibaki amesimama, mikono imemning'inia, kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Kisha akasema ajinyooshe kidogo, mgongo tu. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Akalala. Saa sita nilimwita ale, hakusikia. Alasiri niliweka kiganja karibu na pua yake nione kama anapumua. Usiku aliamka, akanywa uji wa wali, akaniuliza kama watoto wamekula, na kabla sijamjibu kwamba watoto wangu wanaishi Taipei, alikuwa amelala tena. Siku ya pili ikawa vile vile. Alilala ubavu, magoti ameyakunja, mdomo wazi, mikono yenye rangi ya vitunguu imefumbata shuka. Niliketi mlangoni na sare mapajani, nikiwa nimekasirika, nasema kweli. Nilikuwa nimeomba siku mbili katika mwezi mzima, na nilichopewa ni mtu aliyelala. Kim-tek akaniambia nimwamshe basi nimuulize, kama swali lenyewe ni kubwa kiasi hicho. Niliinuka mara tatu. Mara zote tatu nilirudi.

Asubuhi ya tatu mwezi wa nane ukaingia, na Kun-san akaingia nao. Alikuwa ametoka milimani na lori la kabichi, amezishusha sokoni alfajiri, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama yuko wapi?"

"Amelala."

"Mwamshe, Dada. Nimeegesha vibaya."

"Simwamshi."

Akacheka, akidhani namtania. Nilipoendelea kushona akaacha kucheka. "Mwezi huu ni wangu. Si tulikubaliana?"

"Ni wako. Msubiri."

Alinung'unika, akaketi kwenye kiti cha henzerani karibu na meza ya kupigia pasi. Akampigia mkewe kumwambia kwamba Dada ameanza mambo yake. Akaniuliza kama kuna chai. Nilipokuja na birika kidevu chake kilikuwa kimeshaangukia kifuani, na simu inamteleza mkononi. Nikaiokota nikaiweka mezani. Ana miaka arobaini na sita, nikawaza, na bado akilala anatoa mate upande wa kushoto.

Ilikuwa karibu saa sita Mama alipotoka. Alikuwa amechana nywele na kufunga furushi. Alimwona Kun-san, akasimama. Akavuta kigoda polepole, akakiinua ili kisikwaruze sakafu, akaketi kando ya mwanawe na furushi mapajani. Hakuonekana kuwa na haraka. Uso wake ulikuwa na alama za mto.

"Kwako hakuna mtu aliyeniamsha," alisema kwa sauti ya chini.

Nilikuwa na mkasi mkononi na swali mdomoni. Hakunitazama. Alikuwa anamtazama Kun-san, shingo yake nene na ile fulana yenye jani la kabichi lililonata.

"Huyu ulimbeba wewe," akasema. "Mwaka na nusu. Alikuwa mzito, na wewe ulikuwa kijiti. Nilikuwa nikilima nakuona unapanda tuta la mfereji naye, unasimama katikati kupumzika, unatazama njia ya shule." Akaondoa lile jani la kabichi, akalikunja kunja vidoleni. "Nilikuwa nakuona, A-Hun. Nikainama nikaendelea kulima."

Kulikuwa na mikono kumi na miwili ya sare inanisubiri. Nikarudi kwenye cherehani, nikaweka mkono wa kwanza chini ya sindano, nikakanyaga, na mota yake ikaanza kunguruma.

Mama akanipungia mkono niache, akamwonyesha mwanawe kwa kidevu.

"Mwache kidogo," alisema. "Amechoka."

Nikaizima.