Zamu ya Maji ya Jumatano

Agatha hakuwa na kaka wa kupokezana naye kazi, wala viatu visivyoingiza maji, wala asubuhi ya Jumatano ya kwake mwenyewe. Baba naye hakuwapo. Watu wa Bombo waliambiwa yuko kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu anauza samaki, na Agatha aliyashika maneno hayo kama alivyofundishwa.

Kila Jumatano alfajiri, zamu ya maji ya ndiva, bwawa la kijiji, ilikuwa yao. Lango hufunguliwa na mtu wa nyumba yenye zamu, si jirani wala kibarua. Akikosekana, maji humwendea anayefuata. Tangu mama yake, Blandina, alipovunjika mguu, Agatha ndiye aliyepanda huko na jembe begani, akayaongoza maji mpaka shambani, kisha akaingia darasani jua limekwisha kupanda, matope magotini. Wenzake walimwita Bibi Mfereji. Mwalimu Hedwiga alimsimamisha nyuma ya darasa muhula mzima, akidhani ni uvivu.

Ilipotangazwa kwamba mtihani wa darasa la saba utaanza Jumatano asubuhi, Agatha alimwambia mwalimu kuwa hatafika. Mahindi yalikuwa yakitoa mbelewele. Yakikosa maji wiki hiyo, chakula cha mwaka kimekwenda. Ndipo mwalimu alipouliza yale aliyopaswa kuuliza mapema, na jioni ile wakapanda pamoja nyumbani.

Mwalimu alieleza kwamba zamu hubadilishwa, mradi mwenye nyumba amwombe Mzee Aminieli, msimamizi wa ndiva. Blandina alijibu kuwa basi watamngoja mwenye nyumba arudi.

"Atarudi lini, Mama Agatha?"

Blandina akasogeza kuni zisizohitaji kusogezwa. Agatha alijua jibu: huko aliko, baba alikuwa na mke mwingine na mtoto anayetambaa. Alitamani mama aurudie uongo wao, maana ukweli ungefika kanisani kabla ya Jumapili.

"Mwalimu, nikiomba mimi, kijiji kizima kitajua sina mume."

"Kitajua. Sitakudanganya," mwalimu akasema. "Lakini mtihani, dada yangu, hauna wa kubadilishana naye siku."

Chungu kikafurika, Blandina akasonga ugali. Kisha akamwambia Agatha alete kalamu, kwa kuwa mwandiko wake yeye ni wa kuku aliyekanyaga majivu.

"Andika. Mimi Blandina, mwenye nyumba hii."

Kalamu ya Agatha ikasita.

"Andika, mwanangu. Ndivyo ilivyo."

Akaandika: tunaomba zamu yetu ya wiki hii iwe Ijumaa, binti yangu ana mtihani. Blandina akatia sahihi yake polepole, herufi moja baada ya nyingine. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka, basi akamega ugali wa moto, akaupaka ukingoni na kuubana kwa dole gumba mpaka ukashika. Mwalimu Hedwiga akaipokea kwa mikono miwili, akateremka nayo kwa Mzee Aminieli.